Waislamu wa Kahama, tuandike wasia na tuwakumbuke wagonjwa

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka siku ya Kiyama.

Ndugu msomaji, safu hii ya afya na usafi imezoea kukukumbusha kuchemsha maji, kunawa mikono kwa sabuni, kulala ndani ya chandarua na kumwahisha zahanati mtoto mwenye homa. Leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya, nalo ni wasia. Nakuomba wewe Muislamu wa Kahama, uliyejaaliwa kuchuma chochote, uandike wasia wako, na ndani yake utenge fungu kwa ajili ya matibabu ya watu wasiojiweza.

Najua wapo watakaofunga gazeti hapa hapa. Kwetu kutaja wasia ni uchuro. Mzee akionekana anaandika, watoto wanaanza kuulizana baba anaumwa nini. Lakini imepokewa na Ibn Umar (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia hafai kulala nyusiku mbili ila wasia wake uwe umekwisha andikwa. Ibn Umar mwenyewe alieleza kuwa tangu aliposikia hayo haukumpitia usiku mmoja bila wasia wake kuwa naye. Na tumtazame Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Aliumwa sana akiwa Makka mpaka akaona ameshafika, akamuuliza Mtume (s.a.w.) atoe kiasi gani katika mali yake. Jibu alilopewa tutalifikia mbele. Ninachotaka ukione sasa ni kuwa Saad alipona, akaishi miaka mingi baada ya maradhi yale, akapata watoto wengine na akaongoza jeshi lililoishinda Fursi. Kuzungumzia wasia hakukumuua.

Sasa tuutazame mji wetu. Kahama ya leo si ile ya babu zetu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, wa Buzwagi ukafunguliwa mwaka 2009, na wachimbaji wadogo hawajaacha kuhangaika na maduara yao, huku kwetu na upande wa Geita. Mchele wa Kahama unajulikana Dar es Salaam. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapa usiku na mchana. Mwaka 2021 mji ukapandishwa hadhi kuwa manispaa. Katika wenye maduka, mashine za kukoboa mpunga, makarasha, malori na nyumba za kupangisha, Waislamu wamo, tena si haba.

Je, mwenye mali huyu akifa inakuwaje? Mara nyingi inakuwa hivi. Duara lilitema, akanunua gari, akajenga fremu nne barabarani, akaoa mke wa pili. Siku moja udongo ukamfunika au gari likapinduka. Arobaini ikasomwa, ng'ombe wakachinjwa na watu wakala pilau wakashiba. Wiki iliyofuata ndugu wamesimama Mahakama ya Mwanzo wakigombania usimamizi wa mirathi. Mke mkubwa hajui leseni ya uchimbaji iko wapi, mke mdogo hajui mume alikuwa anadaiwa na nani, na mwenye kudai naye hana karatasi. Katika mali yote ile haukuandikwa hata mstari mmoja wa kumfaa marehemu kaburini. Sina ugomvi na pilau ya arobaini. Lakini pilau ile huliwa siku moja, na walaji wengi ni watu waliokula pia nyumbani kwao asubuhi.

Upande wa pili yupo mgonjwa. Mchimbaji mdogo anavuta vumbi la mwamba miaka kumi. Vumbi lile huharibu mapafu na kumfanya mtu apatwe kwa urahisi na kifua kikuu. Anachoma zebaki kwa mkono wake, tena wakati mwingine jikoni, ambapo mkewe mjamzito anavuta mvuke ule ule unaodhuru mishipa ya fahamu, figo na mtoto aliye tumboni. Akiugua kifua kikuu, dawa zake hutolewa bure na Serikali, hilo tushukuru. Lakini tiba ya kawaida huchukua miezi sita, na mtu aliyezoea kula kwa nguvu za mikono yake hawezi kushuka duarani akiwa anakohoa damu. Dawa ni bure, ila ugali haupo, nauli ya kurudi kliniki haipo, na watoto wanamtazama. Matokeo yake anaacha dozi katikati, anarudi shimoni na kuwaambukiza wenzake.

Au mama aliyeshindwa kujifungua huko kijijini, anayetakiwa kufikishwa hospitali usiku na gari la kukodi. Au mtoto mwenye uvimbe aliyepewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, au Ocean Road, Dar es Salaam. Waliowahi kuuguza wanajua kuwa kinachomrudisha mgonjwa nyumbani bila tiba si bei ya dawa peke yake. Kuna nauli ya watu wawili, mahali pa kulala ndugu anayeuguza, chakula cha wiki tatu, na kipimo ambacho hakikutarajiwa. Huuzwa mbuzi, kisha baiskeli, kisha jaruba la mpunga. Baada ya hapo familia nzima imekuwa maskini, na mgonjwa bado yuko kitandani.

Mgodi na wakfu

Utaniambia, Serikali ipo, na sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023. Ni kweli, na kila mwenye uwezo akate bima, wala asitegemee sadaka za watu. Lakini bima inalipa hospitali. Hailipi kitanda cha mama anayemlinda mtoto wake Mwanza, wala haimpikii mtu uji. Utaniambia tena, migodi inatoa misaada. Inatoa, na majengo tunayaona. Lakini tusisahau yaliyotokea Buzwagi. Mgodi ulifunguliwa mwaka 2009, na kufikia 2021 ulikuwa umefungwa. Miaka kumi na miwili tu. Dhahabu ni mali ya kuchimbwa mara moja. Ikishatoka ardhini imekwenda, shimo linabaki.

Uislamu umetupa kitu kilicho kinyume kabisa cha shimo, nacho ni wakfu. Umar bin Khattab (r.a.) alipata shamba Khaybar, shamba ambalo kwa maneno yake hakuwahi kupata mali ya thamani kuliko hilo. Akamuuliza Mtume (s.a.w.) alifanye nini. Akaelekezwa kuizuia asili yake na kutoa sadaka mazao yake. Basi Umar akaliweka lile shamba liwe haliuzwi, halitolewi zawadi wala halirithiwi, na matunda yake yawafae mafakiri, jamaa, wasafiri na wengineo. Hebu uyapime maneno hayo kwa jicho la mtu wa Kahama. Asili inabaki, matunda yanatumika. Mwakani matunda yapo tena, na kadhalika baada ya miaka hamsini, maadamu kuna anayelima.

Waislamu waliotutangulia waliielekeza njia hii hasa kwenye matibabu. Nuruddin Zangi alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, ikaendeshwa kwa wakfu. Wanahistoria wanasimulia kuwa zaidi ya miaka mia moja baadaye amiri mmoja wa Misri aitwaye Qalawun aliugua akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika hospitali ile ile, akaweka nadhiri kuwa Allah akimpa utawala naye atajenga ya kwake. Alipata utawala, na hospitali yake ya Cairo ilikamilika mwaka 1284. Aliiwekea mali za wakfu, na mapato yake yakawa ya dawa, chakula, mishahara ya matabibu na mahitaji ya wagonjwa, matajiri kwa maskini, wanaume kwa wanawake. Inasimuliwa kuwa mgonjwa masikini alipotoka alipewa fedha za kumshikilia mpaka apate nguvu ya kufanya kazi. Mgonjwa wetu wa kifua kikuu niliyemtaja hapo juu angeambiwa habari hii angedhani ni hekaya. Nuruddin alikwisha kufa siku nyingi wakati dawa za hospitali yake zinamponya Qalawun, na kutokana na tiba ile ikazaliwa hospitali nyingine katika nchi nyingine. Mtume (s.a.w.) ametuambia kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na ya kwanza ni sadaka inayoendelea.

Ajabu ni kwamba jambo hili leo wanalifanya wengine kwa bidii kuliko sisi. Huko Uingereza shirika la Cancer Research UK, ambalo kazi yake ni utafiti wa saratani, linaeleza kuwa zaidi ya theluthi ya utafiti wake unalipiwa na fedha zilizoachwa na watu katika wasia wao. Wengi wao ni watu wa kawaida, walimu na makarani, walioacha nyumba au akiba ya benki. Sisi tuliofundishwa wakfu tangu Khaybar tunasubiri mfadhili kutoka nje aje atuwekee hata vitanda.

Jengo la Zanzibar

Lakini si kila wasia unafika. Ukienda Zanzibar, karibu na bandari katika Mji Mkongwe, utaona jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ufundi mkubwa. Watu wanaliita Zahanati ya Kale. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Sir Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa madhehebu ya Ismailia, aliyekusudia iwe hospitali ya maskini. Akafariki mwaka 1891 kazi haijakwisha. Mjane wake akaendelea mpaka jengo likakamilika, Allah amlipe kwa wema wake. Lakini halikupata kuwa ile hospitali aliyoikusudia marehemu. Jengo lilikuwa zuri mno, ila mali ya kuliendesha haikuwepo, na mwaka 1900 likauzwa.

Walionunua walikuwa wa milki ya tajiri mwingine, Haji Nasser Nurmohamed, na wao wakaliweka katika udhamini wa hisani kwa mpango tofauti. Ghorofa za juu zilifanywa makazi, chini pakawa zahanati. Na zahanati hiyo ikatoa huduma kwa miongo mingi, mpaka zama za Mapinduzi ya 1964, ambapo jengo liliachwa likachakaa. Katika miaka ya 1990 lilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, na sasa ni mahali pa utamaduni, si pa tiba.

Mimi nalisoma jengo lile kama darasa. Topan alifikiria kuta. Wa pili walifikiria kuta na pia nini kitaingia ndani ya jengo kila mwezi. Chumba cha juu chenye mpangaji na chumba cha chini chenye mgonjwa, huo ndio wakfu wa afya unaoweza kuishi. Sasa tazama huku kwetu. Mwenye uwezo akitaka thawabu anajenga. Msikiti una zahanati yenye bango zuri na mlango umefungwa, kwa sababu hakuna mshahara wa muuguzi wala fedha ya kununua dawa. Tunao ugonjwa wa kupenda mawe ya msingi na vibao vya majina.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiusia, usiusie jengo jingine tupu. Usia kitu kinachozaa. Tuseme una fremu sita, ukaagiza moja iwe wakfu. Kama inapangishwa kwa shilingi laki moja kwa mwezi, ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Toa matengenezo, toa kodi ya jengo, kinachobaki kinalipa nauli za rufaa na vyakula vya wagonjwa wa kifua kikuu kadhaa, kila mwaka, bila kumpigia magoti mtu. Au ekari mbili za majaruba ambazo mavuno yake yanauzwa. Au hisa yako katika mashine ya kukoboa. (Gesti yenye baa usiilete hapa. Wakfu hausafishi kilicho haramu.) Mama mwenye bangili zake za dhahabu au akiba yake ya kikoba naye ana haki yake ya kuusia, haombi ruhusa ya mume, maana mali ni yake. Bangili zinaweza kununua simtanki mbili na kuvuta maji kwenye zahanati ambayo mkunga anazalisha huku maji yapo kwenye ndoo moja. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Kahama mwaka 2009 kwa mradi wa KASHWASA, na ni neema kubwa, lakini bomba halijafika kila kijiji. Uthman bin Affan (r.a.) alinunua kisima cha Ruma Madina, akawaachia watu wanywe bure. Wodi isiyo na maji ya kunawa ni mahali pa kuambukizana, hata ikiwa na daktari bingwa.

Theluthi, wala si zaidi

Hapa narudi kwa Saad (r.a.). Alitaka kutoa theluthi mbili ya mali yake, akakataliwa. Akasema nusu, akakataliwa. Akasema theluthi, akaambiwa theluthi, na theluthi nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wake wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakinyoosha mikono kwa watu. Ibn Abbas (r.a.) yeye alipenda watu washuke kutoka theluthi mpaka robo. Basi kama una watoto wanane wadogo na chumba kimoja, mimi sikuombi kitu kwa ajili ya hospitali. Sadaka yako ni hao wanane. Na kama una mjukuu yatima ambaye baba yake amekufa kabla yako, na kwa kuwepo baba zake wadogo na wakubwa hatarithi, mtangulize yeye katika ile theluthi kabla ya kumfikiria mgonjwa usiyemjua. Wapo wanaotoa wasia kwa hasira, ili kuwakomoa watoto wakorofi. Qur'an katika Suratun Nisaa imeweka sharti kuwa wasia usiwe wa kudhuru.

Tena theluthi huhesabiwa baada ya gharama za mazishi na madeni. Hili kwa watu wa machimbo ni zito. Aliyekudhamini chakula na baruti za duara anakudai. Wenzako wa ubia wana mafungu yao. Mahari ya mkeo ambayo hukumaliza ni deni, na zaka uliyolimbikiza ni deni. Nyumba mliyojenga pamoja na mkeo si yako peke yako, usiusie sehemu yake ukadhani umefanya ibada. Andika kwanza unachodaiwa na unachowadai watu, ndipo uandike sadaka. Na mrithi hausiwi, fungu lake amekwisha pangiwa na Mola wake, ila warithi wenzake wakiridhia.

Ipo tofauti nyingine muhimu. Wasia hufanya kazi ukishakufa, na unaweza kuubadili au kuufuta ungali hai. Wakfu unaoweka ukiwa mzima hufanya kazi leo, haufungwi na theluthi, na kwa kauli ya wanazuoni walio wengi haurudishwi. Ukiuweka ukiwa katika maradhi ya mauti, unahesabiwa kama wasia. Ukiniuliza ni upi bora, nitakwambia mwenye afya na aweke wakfu sasa, aone mwenyewe mgonjwa wa kwanza akifaidika, na asimamie kosa la kwanza likirekebishwa. Lakini najua fremu ile ile ndiyo inayolipa ada za watoto wako leo. Ndiyo maana nasema, angalau andika wasia.

Nani atibiwe, nani ashike

Wataniuliza baadhi ya ndugu: je, wakfu wetu umtibu na asiyekuwa Muislamu? Mimi nasema ndiyo, na nasema bila kigugumizi. Imepokewa kuwa Bibi Safiyya (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), aliusia sehemu ya mali yake kwa ndugu yake aliyekuwa Myahudi. Na sisi tukipewa rufaa Bugando, hospitali iliyojengwa na Kanisa Katoliki, hakuna anayetuuliza dini mlangoni. Jirani yako wa Kisukuma au Kisumbwa asiye na dini yoyote anavuta vumbi lile lile. Kifua kikuu hakichagui. Ukimtibu yeye umemkinga mwanao.

Swali gumu zaidi ni nani atashika mali hiyo, na hapa tuseme ukweli hata kama unauma. Waislamu wengi wanaogopa kuweka wakfu kwa sababu wameona mambo. Wameona kiwanja cha wakfu kikiuzwa, nyumba ya msikiti ikipangishwa kwa bei ya miaka ishirini iliyopita kwa sababu mpangaji ni shemeji wa kiongozi, na hesabu zisizosomwa. Hofu hiyo si ya bure, na kuwaambia watu wamuogope Allah peke yake hakujatosha. Zanzibar wana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, chombo kilichowekwa kisheria. Huku Bara tunategemea zaidi bodi za wadhamini zinazosajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Kabla ya kuitaja taasisi yoyote katika wasia wako, iwe ya Kiislamu au shirika la misaada kama Msalaba Mwekundu, uliza kama bodi yake imesajiliwa, uliza majina ya wadhamini, uliza mara ya mwisho hesabu zilisomwa lini. Wakikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu lako.

Kama hakuna unayoiamini, watu watano wa mtaa wanaweza kuanzisha yao. Mmoja awe mtu wa afya, muuguzi au tabibu mstaafu, anayejua kipi ni hitaji na kipi ni tamaa. Mmoja awe mwanamke, kwa sababu wanaouguza wengi ni wao. Asiwemo mrithi wa mwenye mali. Fedha zisipite mikononi mwa imamu kama noti. Zilipwe dirishani hospitali na risiti irudi, au tikiti ya basi inunuliwe kwa jina la mgonjwa. Katika hospitali za Serikali yupo afisa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ni kuwatambua wasio na uwezo. Zungumzeni naye, anawajua kuliko nyinyi. Na hesabu zisomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kila miezi mitatu, kwa sauti, bila kutaja majina ya wagonjwa, maana siri ya mgonjwa ni amana.

Kuhusu kuandika kwenyewe, haihitaji maneno makubwa. Chukua karatasi, andika tarehe, jina lako na la baba yako, na kwamba una akili timamu na hujalazimishwa na mtu. Taja madeni. Mtaje wasii, yaani mtu utakayempa jukumu la kutekeleza. Kisha andika kwa uwazi, kwa mfano, kuwa baada ya kulipwa madeni yako, fremu namba fulani iliyopo mtaa fulani, madhali haizidi theluthi ya mali yako, iwe wakfu. Isiuzwe wala kurithiwa. Ipangishwe kwa bei ya soko. Na kodi yake, baada ya matengenezo, ilipe nauli, chakula na matibabu ya wagonjwa wasiojiweza wa wilaya ya Kahama wa dini zote, chini ya wadhamini fulani, na bodi hiyo ikivunjika jukumu lihamie kwa fulani. Usiandike tu "nawaachia maskini." Maneno hayo ndiyo yanayoliwa na wajanja.

Tia sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, wasiwe warithi wala wenye kufaidika na wasia huo, nao watie sahihi zao siku hiyo hiyo. Kama hujui kusoma, ongeza mashahidi wafike wanne, na usomewe kwa sauti mbele yao. Ikiwa mali ni ardhi, ambatanisha nakala ya hati au leseni ya makazi. RITA huhifadhi wasia kwa wanaotaka, na mwanasheria naye huhifadhi. Nakala ya pili mpe wasii. Kisha mwite mkeo au mumeo na mtoto wako mkubwa, uwaambie upo na uko wapi, kabla hawajausikia kwa mtu mwingine siku ya matanga.

Wabillahi tawfiq.